Kaseti za Baba Tuzihifadhi Wapi?

Hadi diski inapokufa hutoa sauti. Si kubwa: tak, kimya, tak, kimya, kama mtu anayebisha mlango kwa ukucha. Niliisikia sauti hiyo usiku mmoja wa mwaka 2014 nyumbani kwangu Tabata, Dar es Salaam, na kwa dakika kadhaa sikuelewa inatoka wapi. Nilipoelewa, nilichomoa waya, nikachomeka tena, nikachomoa, nikachomeka. Kila nilipoiwasha nilikuwa naiongezea jeraha, ila wakati ule sikulijua hilo. Kesho yake fundi aliishika karibu na sikio, akaiwasha mara moja tu, akaizima.

"Dada, kichwa kimegusa sahani," akaniambia. "Nakala nyingine unayo?"

Sikuwa nayo. Ndani ya hadi diski ile kulikuwa na kaseti 63 za marehemu baba, nilizozihamishia kwenye kompyuta moja baada ya nyingine kwa miezi minane, jioni baada ya kazi. Kaseti zenyewe tulikwishazigawa, na nyingine tukazitupa, kwa kuwa tuliamini kazi imekwisha. Miongoni mwake ilikuwamo harusi ya mwaka 1987 kule Ngamiani, Tanga, ambako shangazi yangu, mtu asiyeimba mbele za watu hata umlazimishe, alisimama akaimba beti tatu kabla ya kuzidiwa na kicheko. Shangazi alifariki mwaka 1996. Kwa kadiri tulivyojua, sauti yake haikuwa imebaki mahali pengine popote duniani.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu siku ile nimesoma, nimeuliza mafundi, nimenunua vibaya na nimenunua vizuri, na sasa ndugu na marafiki wenye masanduku ya kaseti na CD hunipigia simu kuniuliza jambo moja: ninunue hadi diski gani? Wanataka niwatajie kampuni. Huwa nawajibu kwamba kampuni ni swali la tatu. La kwanza ni utanunua ngapi, na la pili ni nani atakayezichomeka na kuzikagua mwaka baada ya mwaka.

Kwetu sisi jambo hili lina uzito wake. Kaseti ilipoletwa duniani na kampuni ya Philips mwaka 1963, ilimpa mtu wa kawaida uwezo ambao kabla yake ulikuwa wa studio peke yake. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walilazimika kuvuka bahari kutoka Zanzibar hadi Bombay ili sauti zao ziingie kwenye santuri. Miaka 50 baadaye mtu alikuwa anakaa sebuleni Tanga au Mombasa na redio yake, anasubiri kipindi cha muziki, kidole kikiwa juu ya kitufe chekundu. Muziki mwingi wa dansi wa Tanzania, wa bendi kama NUTA Jazz na Mlimani Park, ulirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam kwa ajili ya kurushwa hewani, na wengi wa rika la baba yangu waliupata kwa kuunasa kutoka redioni. Mombasa ilikuwa na Mbwana Radio Service, duka lililorekodi na kusambaza kaseti za taarabu. Halafu kuna kaseti ambazo hazina duka wala redio: maulidi ya mtaani, harusi, ngoma za unyago, barua za sauti kutoka kwa mtu aliyekwenda kufanya kazi Muscat. Hizo hazipo Spotify wala YouTube, na hazitakuwapo asipozipeleka mwenye nazo. Ziko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha mtu, utepe unashikana kwa joto.

Kabla ya kwenda dukani, piga hesabu. Wengi hawafanyi hivyo, na ndiyo maana hununua kikubwa kuliko haja yao, kimoja, badala ya viwili vya wastani.

CD hubeba vipimo 44,100 vya sauti kwa sekunde, kila kipimo biti 16, kushoto na kulia. Ukizidisha unapata megabaiti 10 na nusu hivi kwa dakika. Muundo wa MP3 hupunguza sana mzigo huo kwa kutupa sehemu za sauti ambazo sikio halizitambui kirahisi: wimbo wa dakika nne wa MP3 ya kilobiti 128 hauzidi megabaiti 4, na ndiyo maana flashi ya gigabaiti 16 kwenye gari inameza nyimbo elfu nne. Lakini kilichotupwa hakirudi. Kwa kuhifadhi, tumia FLAC, muundo uliotoka mwaka 2001, ambao hubana faili kama unavyokunja kitenge: ukikikunjua, kitenge ni kilekile, hakikukatwa pindo. CD nzima hushuka hadi megabaiti 300 au 400 hivi. Nami kaseti huzirekodi kwa biti 24 na vipimo 48,000 kwa sekunde, ambavyo ni gigabaiti moja kwa saa kabla ya kubanwa na pungufu ya hapo baada ya kubanwa. Kaseti ni chombo chenye mvumo wake wa asili. Kuirekodi kwa vipimo vikubwa zaidi ya hivyo ni kuhifadhi mvumo.

Sasa tazama mkusanyiko wa nyumba yenye bahati: CD 260 na kaseti 180 za wastani wa dakika 75. CD ni kama gigabaiti 90. Kaseti ni saa 225, kama gigabaiti 150 zikishabanwa. Jumla haifiki robo ya terabaiti. Maisha mazima ya muziki wa familia, pamoja na santuri za babu, yanaingia kwenye hadi diski ndogo kabisa inayouzwa madukani leo, na nafasi inabaki. Video ndiyo inayokula nafasi. Kwa hiyo anayekuambia unahitaji terabaiti 8 kwa ajili ya muziki anafanya biashara yake, na wewe zile fedha za ziada zitunze, maana zina kazi nyingine.

Dukani utaambiwa uchague kati ya hadi diski ya kawaida na SSD. Tofauti yao inafaa kueleweka, kwa sababu kila moja hufa kifo chake.

Hadi diski ya kawaida ina sahani zinazozunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 au 7,200 kwa dakika, na juu ya kila sahani kuna kichwa kinachoelea kwa umbali wa nanomita chache. Unywele wa mtu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita, kwa hiyo kichwa kile hakina nafasi ya kosa. Ukiiangusha ikiwa inazunguka, au ukiivuta kwa waya wake kutoka mezani, kichwa hugusa sahani, na hapo ndipo unapoisikia ile sauti ya ukucha mlangoni. Yangu haikuanguka siku ile. Ilianguka mwaka mmoja nyuma, wakati wa kuhama nyumba, ikaendelea kufanya kazi, nami nikaisamehe. Hilo ndilo kosa ninalolijutia. Hadi diski iliyowahi kuanguka isiachiwe tena kitu ambacho hakipo pengine, hata kama inasoma vizuri.

Uzuri wa hadi diski ya kawaida ni kwamba ni nafuu kwa kila gigabaiti, sumaku haivuji upesi, na mara nyingi huonya kabla ya kufa. Ndani yake kuna mfumo wa kujipima uitwao SMART. Programu ya bure kama CrystalDiskInfo itakuonyesha idadi ya sehemu zilizoharibika na kuhamishwa. Idadi hiyo ikianza kupanda, usingoje.

SSD haina kinachozunguka. Data hukaa kama chaji ndogo za umeme zilizofungiwa ndani ya silikoni. Haina sauti, haiogopi kutikiswa, na ndiyo ninayoitumia kwenye kompyuta ndogo inayocheza muziki sebuleni, kwa sababu wakati wa wimbo wa polepole sitaki kusikia feni wala sahani. Lakini chaji huvuja. Huvuja taratibu, na joto huiharakisha. Kiwango cha JEDEC, chombo kinachoweka viwango vya vifaa hivi, kinaitaka SSD ya kompyuta ya kawaida ambayo imeshafika ukomo wa kuandikwa itunze data mwaka mmoja bila umeme kwenye nyuzijoto 30. SSD mpya hutunza muda mrefu zaidi ya huo, lakini ukumbuke kwamba nyuzijoto 30 ni kabati la kawaida la Dar es Salaam mwezi wa Februari. Na SSD ikifa, kwa kawaida haibishi mlango. Asubuhi unaichomeka, kompyuta haioni kitu.

Hivyo msimamo wangu ni huu: SSD ni ya kusikilizia, hadi diski ni ya kuhifadhia. Kuifungia SSD kabatini miaka mitano na harusi ya mama ndani yake ni kumkabidhi maji mtu mwenye pakacha.

Kuna muuzaji aliyewahi kuniambia kwa uhakika kwamba SSD "inatoa sauti tamu zaidi." Haitoi. Muziki wa CD unahitaji megabiti 1.4 tu kwa sekunde, na hadi diski ya kawaida ya siku hizi hutoa mara mamia ya hizo. Faili ni namba. Namba zikifika zote, utamu umefika wote. Fedha za utamu zipelekwe kwenye spika, au kwa fundi wa kusafisha kichwa cha redio kaseti kabla hujaanza kurekodi.

Kati ya hadi diski zenyewe, kuna zile kubwa za inchi 3.5 zinazohitaji adapta yake ya umeme, na zile za mkononi za inchi 2.5 zinazopata umeme kutoka kwenye waya wa USB. Vitabu vingi husifu zile kubwa. Kwa nyumba zetu mimi napendekeza za mkononi, kwa sababu moja: umeme ukikatika, hadi diski ya mkononi iliyochomekwa kwenye laptopu haijui kwamba umekatika. Betri ya laptopu ndiyo ngao yake. Ile kubwa huzimika katikati ya kuandika, na umeme unaporudi kwa kishindo ndiyo ya kwanza kupigwa. Ukilazimika kutumia kubwa, nunua na UPS ndogo siku hiyohiyo.

Ila hadi diski za mkononi nazo zina udhaifu wake: tundu la waya. Kwenye baadhi yake limechomelewa moja kwa moja kwenye ubao wa diski, kwa hiyo tundu likilegea huwezi kuitoa diski na kuihamishia kwenye kasha jingine. Waya usichomolewe kwa kuvutwa upande, na diski isining'inie.

Jambo jingine halijulikani sana dukani. Hadi diski nyingi za mkononi za siku hizi hupanga njia za data kama makuti ya paa, kila safu ikilalia kidogo safu iliyotangulia, ili mambo mengi yaingie kwenye sahani ileile. Mfumo huo huitwa SMR. Aliyewahi kuezeka anajua: kuweka kuti jipya juu ni rahisi, lakini ukitaka kubadilisha la chini lazima uinue yaliyolilalia. Ndivyo inavyokuwa. Ukiandika mara moja na kuacha, hutaona tofauti. Ukifuta na kuandika kila siku, diski hupunguza mwendo hadi inakera. Mwaka 2020 ilibainika kwamba kampuni zote tatu zilizobaki duniani kutengeneza hadi diski, Seagate, Western Digital na Toshiba, zilikuwa zimeuza baadhi ya modeli za namna hii bila kuwaeleza wanunuzi waziwazi, na kelele zilikuwa kubwa. Ilistahili, maana waliokuwa wameziweka kwenye mashine za kuunganisha diski nyingi walipata shida kweli. Kwa maktaba ya muziki, ambayo huandikwa mara moja na kusomwa maisha yote, makuti hayana ubaya. Nunua tu.

Hatari kubwa zaidi iko mtaani. Binamu yangu alinunua flashi iliyoandikwa terabaiti 2 kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wawili. Kompyuta ilikubali: terabaiti 2. Alijaza nyimbo wiki nzima, majina yote yakaonekana, na za mwanzo zilicheza. Zile za baadaye zilikuwa majina matupu. Kifaa cha namna hiyo kina gigabaiti chache za kweli na programu ndogo iliyofundishwa kusema uongo. Nafasi ya kweli ikijaa, huendelea kupokea na kumwaga chini. Dawa ipo, nayo haina gharama. Kabla ya kukiamini kifaa kipya chochote, iwe flashi, memori kadi au SSD ya bei ya kutilia shaka, kijaze chote kwa programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Mac na Linux, kisha iache ikisome tena ilichoandika. Hadi diski kubwa huchukua usiku mzima. Usiku huo ni wa thamani. Muuzaji mwaminifu hatakasirika ukimwambia utakirudisha kisipofaulu. Akikasirika, umeshapata jibu.

Kuna visanduku vya mtandao viitwavyo NAS, vya kampuni kama Synology na QNAP, vyenye diski mbili au zaidi ndani zinazoandikwa sawia. Ni vizuri, simu za nyumba nzima husikiliza kutoka humo, lakini ni ghali na huhitaji umeme saa zote. Mtu asidhani kwamba diski mbili ndani ya kisanduku kimoja ni nakala mbili: ukifuta wimbo kwa bahati mbaya, unafutika kwenye zote papo hapo, na mwizi akibeba kisanduku amebeba zote. Kuhifadhi kwenye intaneti nako ni kuzuri kwa walio na bando lisilo na ukomo. Google hutoa gigabaiti 15 bure, na mimi huzitumia kuwekea kaseti kumi ninazozipenda kuliko zote. Kupandisha robo ya terabaiti kwa bando la simu sikushauri.

Nirudi kwenye idadi, maana ndipo penye moyo wa jambo. Backblaze, kampuni ya Marekani inayohifadhi data za watu kwenye hadi diski mamia ya maelfu, imekuwa ikikusanya na kutoa hadharani hesabu za vifo vya diski zake tangu mwaka 2013. Miaka ya karibuni hufa kama asilimia 1 hadi 2 kwa mwaka, na hizo zinakaa kwenye vyumba vyenye ubaridi na umeme usioyumba. Kuna modeli bora na modeli dhaifu, lakini hakuna modeli isiyokufa. Chukua 2 kwa 100. Ukiwa na diski moja, hiyo ndiyo hatari yako, kila mwaka, na hupanda diski ikizeeka. Ukiwa na mbili zisizotegemeana, uwezekano wa zote kufa mwaka mmoja ni 4 kwa 10,000. Hakuna diski ya bei yoyote itakayokupa usalama huo peke yake. Ndiyo kazi ya zile fedha ulizozitunza.

Lakini maneno "zisizotegemeana" yana uzito. Diski mbili kwenye droo moja hutegemea droo. Moto mmoja, mafuriko mamoja ya masika, mwizi mmoja. Tarehe 1 Juni 2008 moto uliteketeza jengo la hifadhi katika eneo la studio za Universal huko California, na kanda nyingi za asili za wanamuziki wakubwa wa Marekani ziliangamia; ukubwa wa hasara haukujulikana kwa umma hadi gazeti la New York Times lilipoueleza mwaka 2019. Mwaka huohuo wa 2019 mtandao wa MySpace ulikiri kwamba ulipokuwa ukihamisha mitambo yake ulipoteza muziki uliopandishwa na watu kwa miaka 12, kuanzia 2003 hadi 2015. Wale walikuwa na fedha na wataalamu. Walichokosa ni nakala mahali pengine.

Mpiga picha wa Marekani Peter Krogh aliuweka ushauri wa zamani wa mafundi katika hesabu fupi inayokumbukika: nakala tatu, aina mbili za vifaa, moja iwe nje ya nyumba. Nimeutafutia ushauri bora zaidi ya huo kwa miaka kumi na sijaupata.

Nao ulithibitika kwetu kwa njia ambayo sikuitarajia. Mwaka 2017 nilikuwa Tanga msibani. Mama mmoja wa Ngamiani, jirani yetu wa zamani, alinivuta pembeni akaniuliza kama bado tunayo ile kaseti ya harusi ya mwaka 1987. Nilimweleza yaliyotokea. "Mwanangu, mimi ninayo," akasema. "Baba yako alinirekodia." Baba alikuwa na redio ya milango miwili, na kumbe baada ya harusi ile alikaa usiku akatoa nakala kwa kila aliyeomba. Nakala ile ina mvumo mkubwa, na upande wa pili utepe umetafunwa kidogo. Lakini shangazi yumo. Beti tatu, kisha kicheko.

Mzee wangu, karani wa bandari ambaye hakuwahi kugusa kompyuta, alifanya mwaka 1987 jambo ambalo mimi mwenye kompyuta nililishindwa mwaka 2014.

Sasa mkusanyiko wetu unakaa hivi. SSD ya sebuleni ndiyo tunayosikilizia. Kabatini kuna hadi diski ya mkononi ya terabaiti 2, ambayo huchomekwa Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi kupokea vipya, kisha hutolewa. Muscat, kwa dada yangu aliyeolewa huko, kuna hadi diski nyingine ya ukubwa uleule, ya kampuni tofauti, iliyonunuliwa duka tofauti, ili kasoro ya kiwandani isizikute zote mbili. Zote nimeziandaa kwa mfumo wa exFAT, unaosomeka kwenye Windows, Mac na Linux, kwa sababu sijui mtoto wa mdogo wangu atakuwa na mashine gani. Mfumo huo hausamehe mtu anayechomoa waya bila kuiaga kompyuta kwanza, kwa hiyo nimeliandika hilo kwa kalamu nene juu ya kasha.

Hewa yetu ya pwani ina chumvi na unyevu, na chuma hakiipendi. Diski ya kabatini nimeiweka kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Haikai juu ya friji, haikai karibu na dirisha. Ikitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi naiacha nusu saa kabla ya kuiwasha, unyevu uliojikusanya ukauke.

Tena mafaili yana majina. Nalitilia mkazo jambo hili, kwa kuwa nimeona diski nzima, nzuri, isiyo na ugonjwa, imejaa "Track 01," "Track 02," na mwenyewe aliyezijua amekwishafariki. Jina la mwimbaji kama linajulikana, mahali, mwaka, nani alirekodi. Picha ya kaseti yenyewe, pamoja na mwandiko wa kwenye karatasi yake, inakaa kwenye folda hiyohiyo.

Ukaguzi ndio unaosahaulika. Faili linaweza kuoza taratibu, biti moja ikageuka bila kutoa ishara, nawe ukaendelea kulinakili lililooza juu ya zima. FLAC ina ulinzi wake: ndani ya kila faili kuna alama ya hesabu ya sauti yote, na programu yake inaweza kupitia maktaba nzima na kukuambia lipi halilingani tena. Mimi hufanya hivyo mara mbili kwa mwaka. Kila baada ya miaka mitano hivi hadi diski hubadilishwa hata kama ni nzima, na ile ya zamani huwa nakala ya nne.

Desemba iliyopita dada alikuja likizo na hadi diski yake ndani ya mkoba wa mkononi, imefungwa kwenye kanga. Nilimwongezea kaseti 14 za jirani mmoja wa Chumbageni, Tanga, ambazo mwaka ule wote nilikuwa nikizihamisha. Kunakili kulichukua dakika chache. Ukaguzi ulichukua saa moja na ushee, tukaiacha laptopu ikifanya kazi, tukala. Tuliporudi, safu nzima ya majina ilikuwa imeandikwa sawa, sawa, sawa, hadi chini. Dada akaniomba nimchezee ile ya harusi. Shangazi alipoanza ubeti wa kwanza, mama, aliyekuwa jikoni, alizima jiko akaja kusimama mlangoni, mkono wenye unga umeshika fremu.

"Ongeza kidogo," akasema.